Rilei ya Bi Khole

Bi Khole binti Humaid alikuwa mtu wa wasiwasi, na mwenyewe hakulikataa hilo. Akizima jiko hurudi kulitazama. Akifunga mlango hukisukuma kitasa, akaenda hatua mbili tatu, akarudi kukisukuma tena. Siku zile mumewe alipokuwa bado akiendesha gari, alikuwa akimngoja nje injini ikinguruma, na jirani akipita humwambia kuwa bibi yumo ndani anaagana na friji. Mtu wa namna hiyo ungedhani angeogopa umeme kuliko kitu chochote duniani. Kumbe umeme ndio kitu pekee ambacho hakikumtia hofu. Alisema umeme hauna kinyongo wala upendeleo. Ukiutendea sawa na wenyewe utakutendea sawa, jambo ambalo kwa binadamu huwezi kuliwekea dhamana.

Kazi ya umeme alifunzwa na babake, aliyekuwa na duka la kutengeneza redio Mkunazini, Unguja mjini. Mzee Humaid alijaaliwa mabinti watupu, na mteja akimwonea huruma kwa hilo alimjibu kwamba redio haijui nani kaishika. Basi Khole alikua akinusa moshi wa kulehemu, akijua rangi za waya kabla hajajua kusoma vizuri. Ukaja mwaka wa sitini na nne na mapinduzi yake, duka likabaki na redio za watu ndani yake, na wao wakajikuta Dubai katika chumba kimoja, mzee akitengeneza mafeni. Oman ilipofunguka baada ya mwaka wa sabini wakarudi kwenye nchi ambayo Khole hakuwahi kuiona, wakakaa mji wa Ibra, na hapo ndipo alipoolewa na Sleyum, mzaliwa wa Pemba, dereva wa serikali, mtu mrefu, mcheshi, mwenye makelele mengi na moyo mwepesi.

Sleyum, au Baba Reem kama mkewe alivyomwita kwa jina la binti yao, hakuwa na ulimi wa kumsifu mkewe usoni. Chakula kikiwa kitamu mno alisema hakina neno, na hapo ndipo mwisho wa sifa zake. Lakini akikaa barazani na wanaume wenzake, huko ndiko alikokuwa akijigamba: mke wangu katengeneza hiki, mke wangu kafufua kile. Bi Khole alizipata habari hizo kwa wake za watu, akajifanya kukasirika, akaenda jikoni kucheka peke yake.

Wateja wake aliwapata sokoni. Jumatano soko la Ibra ni la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume akionekana humo hutazamwa mpaka miguu yenyewe imkumbushe njia. Bi Khole alitandika mkeka wake kando ya Badria, muuza udi na nguo za watoto, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyezaliwa Bujumbura na ambaye Kiswahili chake cha bara kilimfanya Bi Khole amtanie kila wiki. Watu walileta pasi zilizokufa, mashine za kusaga vitunguu, mafeni, vitu vya kuchezea watoto. Yeye alikifunga kila kitu kitambaa chake cha kukijulia, akavipeleka nyumbani kwenye kikapu, na Jumatano ya pili akavirudisha vikiwa hai.

Shida ya kazi ile ilikuwa moja. Mwenye kitu mara nyingi ni mwanamume, na mwanamume haji sokoni. Basi fundi hakumjua mwenye pasi wala mwenye feni. Alimjua mama yake, au dada yake, au shemeji yake. Swali likitoka kwa Bi Khole lilipita kwa huyu na yule, na jibu likirudi lilikuwa limepungua njiani. Feni ina nini? Inakataa tu. Inakataaje? Basi, inakataa. Bi Khole alizoea kuuliza tena na tena, wiki nenda wiki rudi, mpaka watu wakamwona msumbufu, na usumbufu huo ndio uliofanya asiharibu kitu cha mtu miaka yote.

Bunduki ilimfikia mwisho wa mwaka wa 2003, baada ya Idi Ndogo, imefichwa ndani ya foronya. Badria aliitoa kwa aibu, akamwambia ni kitu cha kuchezea cha Zuhair, mwanawe, kijana mkubwa na ndevu zake, anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii huko Al Mintirib mchanga unakoanzia. Haikuwa bunduki ya kuua. Ilikuwa ya betri, yenye mota ndani yake, ikirusha vigololi vya plastiki vidogo kama punje za mbaazi. Lakini kwa umbo na uzito ungeapa ni ya askari. Zuhair aliinunua Dubai, akaitia springi ngumu zaidi ili irushe mbali, akaichukua kwenye Idi kuwaringia binamu zake. Wanaume wa huko Idi yao haikamiliki bila ya kushindana shabaha, na vijana walitaka na wao wawe na mashindano yao. Alipiga kidogo tu, ikatoa moshi kitakoni na kunyamaza. Binamu zake walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Bi Khole aliifungua mezani kwake na mara moja akaona ugonjwa. Ndani ya swichi ya triga, pale kidole kinapovuta, vibati viwili vinavyogusana vilikuwa vimeungua vikawa vyeusi kama masizi. Mota iliyokuwa ikisukuma springi ngumu ilikunywa umeme mwingi, na umeme wote ule ulikuwa ukipita kwenye vibati vile vyembamba, vikiruka cheche kila vilipoachana. Ukiviweka vipya bila ya kubadilisha kitu, navyo vitaungua vivyo hivyo.

Dawa yake ni rilei, kidude cha ukubwa wa kiberiti, ambacho kwenye magari kimejaa tele. Ukitia rilei, triga haibebi tena mzigo. Inaiita rilei tu, kwa umeme mdogo usioweza kuunguza kitu, na rilei kwa vibati vyake vinene ndiyo inayoiunganisha betri na mota. Ni kama bibi mwenye nyumba aketiye kitandani akaita, bawabu akaenda kulifungua lango zito. Bi Khole alitoka nyuma ya nyumba, kwenye pikapu bovu la Sleyum lililokuwa halitembei tena, akachomoa rilei ya honi. Akazilehemu nyaya zake, akaipangia nafasi ndani ya kitako, akaifunika vizuri. Kazi safi, hata yeye mwenyewe ilimpendeza.

Bunduki ililetwa bila ya betri yake. Zuhair aliibakisha kambini. Bi Khole alimtuma Badria aulize ni betri gani, na jibu likarudi Jumatano ya pili: ni kubwa, ya nguvu sana. Kwa kawaida yake angeuliza tena. Angeuliza volti ngapi, angetaka iletwe aishike. Lakini wiki ile Sleyum alikuwa amelazwa Maskati, na akili yake yote ilikuwa huko.

Sleyum alikuwa na jicho moja tu. La kushoto lilikufa zamani kwa presha ya macho, na la kulia likaingia mtoto wa jicho, likawa kama dirisha lililopakwa chokaa. Alipopasuliwa na kufunguliwa bandeji alimtazama mkewe muda mrefu, kisha akasema amezeeka, na Bi Khole akalia kwa furaha katikati ya wodi. Daktari aliwaonya: jicho lisipigwe na kitu, lisiingie vumbi, na miwani ya giza asiivue nje. Tangu siku hiyo Bi Khole alikuwa na kitu kipya cha kukiogopea, na hofu zake nyingine zote zikawa ndogo mbele ya hiyo. Alimtia matone mwenyewe. Alimfuatafuata na miwani ile nyumba nzima. Sleyum alilalamika kwamba inamfanya aonekane kama wakala wa viwanja.

Basi bunduki aliijaribu kwa betri ya gari iliyokuwa mezani kwake, ya volti kumi na mbili, kama alivyojaribu kila kitu. Alivuta triga, rilei ikalia tik, mota ikazunguka. Akaachia, ikalia tik, mota ikasimama. Alirudia mara nyingi, haikukosea hata mara moja. Akairudisha kwenye foronya, akampa Badria, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakurudi kukisukuma kitasa.

Idi Kubwa iliingia kwenye baridi ya mwanzo wa mwaka. Siku ya pili yake, asubuhi, wanaume walikwenda mchangani kupiga shabaha huku wakisubiri shuwa, nyama ya kufukiwa, iive ndani ya shimo, na wanawake wakatembeleana. Nyumba ya Bi Khole ilinukia udi na vitumbua. Rahila, binti wa kaka wa Sleyum, mwalimu wa skuli, alikuwa amekuja na gari lake dogo akamwamkia Bi Khole shikamoo, na walikuwa wamekaa kwenye mito wakinywa kahawa Badria alipoingia na mkoba.

Badria alikaa, akala kitumbua, akala cha pili, ndipo akatoa kidude kutoka mkobani. Ilikuwa chaja ya betri ya ile bunduki. Zuhair alimwambia inapata moto na haijazi betri sawasawa, akaomba khala Khole, kama alivyomwita kwa heshima, aitazame akipata nafasi. Hana haraka, Badria alisema. Leo wameondoka na betri iliyojaa nusu na itawatosha kucheza.

Bi Khole aliichukua, akaigeuza kutazama maandishi ya nyuma. Iliandikwa volti nane na kitu. Alivaa miwani yake ya kusomea, akatazama tena. Nane na kitu.

Aliisukuma kahawa kando. Rilei ya gari inataka kumi na mbili. Ukiipa nane inaweza kuitika, ndiyo, betri ikiwa imeshiba. Lakini mota ikianza kunywa, betri ndogo inalegea, na rilei inakosa nguvu ya kushika. Inashika na kuachia, inashika na kuachia, kama mtu mwenye kwikwi, na kila ikifanya hivyo cheche inaruka, mpaka vibati vyake vinene vinayeyuka na kugandana. Hapo tena triga haina kazi. Kidole kikitoka, bunduki haijui. Itaendelea kupiga mpaka vigololi viishe au mtu aichomoe betri yake. Na betri yenyewe imejaa nusu.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa wanaume wako upande gani. Badria, ambaye hakuona kitu, akaanza kucheka na kusimulia. Wako nyuma ya Al Mintirib, pale pa kila mwaka. Na kumbe hujui, Khole, mambo ya mumeo? Binamu za Zuhair waliiita ile bunduki ya soko la Jumatano. Walisema silaha iliyotengenezwa na mwanamke itampiga mwenyewe.

"Basi Sleyum akasimama mbele ya wote," alisema Badria. "Akawaambia, kazi ya mke wangu mimi naijua. Makopo nitayapanga mwenyewe na nitasimama kando yake mpaka mchezo uishe. Na miwani sivai."

Rahila alicheka, kisha akamtazama Bi Khole na akaacha.

"Rahila, mwanangu," alisema Bi Khole, "chukua ufunguo wa gari."

Walipiga simu kwanza. Ya Sleyum ililia ndani ya kabati, chini ya vilemba vyake. Ya Zuhair haikupatikana. Kule mchangani mtandao ulikuwa wa bahati. Badria, alipoelezwa, alikiweka kitumbua chini, akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini. Bi Khole alijitanda buibui akatoka bila ya kuaga mtu na bila ya kufunga mlango.

Barabara ya kwenda Al Mintirib haina milima mingi ya kukuzuia, lakini siku ile ilikuwa imejaa magari ya watu wa Idi, wakienda polepole na watoto wao wamechungulia madirishani. Rahila aliendesha kwa mikono miwili akijitahidi kusema maneno ya kutuliza, kwamba inshallah hakuna kitu, kwamba labda mchezo haujaanza. Bi Khole alikuwa akihesabu makosa yake. Kwa nini hakuuliza tena. Kwa nini aliamini neno kubwa, ni neno gani hilo kwa fundi, kubwa, kwani betri ni boga? Babake angeichukua mita ya kupimia umeme na kumpiga nayo kichwani. Na kila alipofumba macho aliliona jicho la Sleyum, lile la kulia, likimtazama wodini.

Kisha ikamjia hofu ya pili, na hii ilikuwa chafu zaidi kwa sababu ilimjaribu. Atakwenda kuwaambia nini? Akisema kazi yake ina kosa, Sleyum ataondoka pale mbele ya vijana wote akiwa amevuliwa nguo. Mtu aliyejigamba kwa ajili yake miaka yote, aje yeye mwenyewe, tena uwanja wa wanaume, kusema mlikuwa na haki ya kucheka. Alifikiri kumdanganya. Angemtuma Rahila aseme wamepata mgeni kutoka Maskati, Bwana Sleyum anatakiwa nyumbani. Angeondoka na heshima yake na jicho lake. Rahila mwenyewe alilitaja wazo hilo, maskini, kana kwamba amemsikia.

Bi Khole alikaa nalo mpaka vibanda vya Al Mintirib vikaonekana. Lakini Sleyum akiondoka bunduki itabaki. Itabaki mikononi mwa Zuhair, na wengine pia wana macho.

"Nitasema mwenyewe," alimwambia Rahila.

Gari la Rahila lilikwenda mpaka lami ilipokwisha, likaingia mchangani kidogo na kuzama. Rahila alianza kusema gari lake haliwezi mchanga, tangu mwanzo alijua haliwezi, lakini Bi Khole alikuwa ameshashuka. Alivua viatu, akashika pindo la buibui, akaanza kutembea. Kwa mbali aliona moshi mwembamba wa shimo la shuwa, magari makubwa yamepangwa, mikeka imetandikwa, na wanaume kwa kanzu zao nyeupe. Hapana mwanamke hata mmoja. Alisikia mlio, trrr, fupi, kisha kimya, kisha watu wakipiga makofi. Ilikuwa bado inasimama. Alianza kukimbia, kadiri mwanamke wa umri wake anavyoweza kukimbia mchangani.

Alimwona Sleyum. Alisimama upande wa makopo, karibu kiasi cha kuweza kuyagusa, mikono kiunoni, kichwa wazi, akicheka. Miwani hana. Zuhair alikuwa amewapa mgongo watu wa mikekani, kaiweka bunduki begani, akilenga.

Amwite nani? Akimwita Sleyum atageuza uso, na uso ndio asioutaka ugeuke. Alimwita Zuhair.

"Zuhair, iweke chini."

Sauti ya mwanamke mahali pale iliwashtua wote. Zuhair alikuwa tayari ameshavuta. Alipomsikia aliachia, na Bi Khole alikiona kidole chake kwa macho yake, kimenyooka, kiko nje ya triga kabisa. Bunduki haikunyamaza. Ilizidi kulia, trrr mfululizo, bila ya pumzi. Zuhair akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya kitu kikimkatalia: aliitazama, akaitikisa, akageuka nayo kuwauliza wenzake. Vigololi vikawafuata. Wanaume walijitupa kifudifudi mikekani, birika la kahawa likapinduka, mzee mmoja akajifunika kilemba usoni. Sleyum hakuelewa kitu katika hayo. Aliona tu mkewe anakimbia peku katikati ya uwanja wa wanaume, akadhani msiba umetokea nyumbani, na akaja mbio kumpokea. Alipita mbele ya mtutu kama mtu anayevuka kichochoro.

Bi Khole alimfikia Zuhair kwanza. Aliushika mtutu kwa mikono yote miwili akauzamisha mchangani, akapiga magoti juu yake, akafungua kitako na kuuchomoa waya wa betri. Ikanyamaza. Kitako kilinuka plastiki iliyoungua. Alijua bila ya kuangalia kwamba vibati vyake vimegandana.

Alipogeuka, Sleyum alikuwa amekaa mchangani. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa usoni, na damu ilikuwa ikipita katikati ya vidole.

"Khala, nilishaachia," alisema Zuhair. Kijana mkubwa yule alikuwa akilia. "Wallahi, nilishaachia."

"Najua ulishaachia," alisema Bi Khole, na akasema kwa sauti ya kuwafikia wa mikekani, kwa Kiarabu, ili asibaki mtu wa kuja kuuliza baadaye. Alisema kosa ni lake. Alitia rilei ya gari kwenye betri ndogo, akaijaribu kwa betri isiyokuwa yake. Zuhair hana kosa, na Sleyum hana kosa isipokuwa kumwamini yeye. Hapana aliyecheka. Mmoja wa wale binamu aliokuwa akiwaogopa alileta chupa ya maji, akaiweka karibu yake na kurudi nyuma bila ya kusema neno.

Alipiga magoti mbele ya mumewe. Alimwambia atoe mikono, akakataa, akamwambia tena. Akaishika na kuiondoa mwenyewe, taratibu, mmoja baada ya mmoja. Damu ilikuwa imejaa upande wa kulia wote, kope zimefumba na kuvimba. Alichovya ncha ya mtandio kwenye maji na kufuta, akifuta na kuogopa kufuta. Kidonda kilikuwa kwenye nyusi. Juu ya nyusi au chini yake, hakuweza kusema, kila akisafisha damu ilirudi.

"Baba Reem, fumbua."

"Linaniwasha."

"Fumbua, tafadhali."

Kope ziliachana kidogo. Ndani kulikuwa na wekundu na machozi, na Bi Khole hakuweza kujua kama nyuma ya machozi yale kuna jicho linaloona au tundu tu. Alimuuliza kama anamwona. Sleyum alisema anaona weupe. Weupe gani? Weupe tu, wa mchanga labda. Rahila alikuwa amefika, anahema, akataka kusema twende hospitali, lakini Bi Khole alimnyamazisha kwa kichwa. Hakuweza kuingia garini bila ya kujua. Njia nzima ya hospitali bila ya kujua asingeiweza.

Aliinua mkono wake mbele ya uso wa mumewe na kunyoosha vidole.

"Vingapi?"

Sleyum alitazama. Aliinamisha kichwa upande huu, akakirudisha upande ule, akakaza uso.

"Baba Reem. Vingapi?"

"Sijui," alisema Sleyum.

Bi Khole aliusogeza mkono karibu zaidi na uso wa mumewe.

"Sijui, Khole," alisema Sleyum. "Vinatetemeka. Vitulize nivihesabu."

Alijaribu kuvituliza, visitulie. Alijaribu kwa nguvu zake zote na mkono ukazidi kumcheza. Basi Sleyum akanyoosha mkono wake uliojaa damu, akakishika kiganja cha mkewe, akakibana mpaka kikatulia, akatazama.

"Vitatu," alisema, wala hakukiachia.